Hodi Tatu Kwenye Kanisa Kuu

Majina ya watu wote waliokuwepo siku ile ninayo kichwani. Hata la paka aliyekuwa amelala kwenye ngazi ninalo, maana nilimuuliza mzee wa mishumaa naye akanitajia. Lakini mjukuu wangu amenikataza kuandika jina hata moja, anasema watu hawapendi kukutwa kwenye karatasi za wengine. Haya, sitataja. Nitawaita kwa kazi zao na kwa udugu wao, na paka atabaki paka.

Safari yenyewe haikuwa ya kanisa, ilikuwa ya jicho. Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, aliota mtoto wa jicho, akafika hali ya kuusalimia mnazi wangu akidhani ni mimi. Nikipita mwenyewe hanisalimii. Nikamwambia mnazi umefaidi, maana mimi nikisalimiwa na yeye ujue kuna kitu anataka. Hospitali wakasema aende Dar es Salaam akapasuliwe, na wa kumshika mkono nikawa mimi.

Wifi hana ubaya, ila amezaliwa Chole, kisiwa kidogo pembeni mwa Mafia, na watu wa Chole wana kiburi cha mawe. Kwao kuna magofu ya Wajerumani, kuta nene zimekumbatiwa na mizizi, na miti ya jirani imejaa wale popo wakubwa, wananing'inia mchana kutwa kama nguo nyeusi zilizosahaulika kambani. Basi ukimtajia wifi jengo lolote duniani atakwambia, hilo hata kwetu lipo, ila letu halina paa. Sisi wa Baleni, kwenye kisiwa kikubwa, tuna mihogo na minazi, hatuna gofu hata moja, na hilo wifi hajanisamehe tangu niolewe na kaka yake. Tulibishana botini tangu Kilindoni mpaka Nyamisati, na tulipofika ng'ambo nilikuwa nimeshindwa mara tatu.

Jicho likapasuliwa, likafungwa, likafunguliwa. Akapewa miwani nyeusi, akaonywa asiivue juani. Tulikuwa tumefikia Mbagala kwa mjukuu wetu, binti wa mwanangu wa tatu, aliyekuwa anasomea kazi ya kuongoza wageni. Na hapo ndipo kanisa linapoingia.

Mtoto alikuwa na mtihani. Ule wa kuandika alishapita, tena vizuri. Uliobaki ulikuwa wa kuwatembeza watu wawili ndani ya kanisa kuu la zamani, lile lenye mnara mrefu linalotazama bandari, na kuwaeleza habari zake huku mtahini akifuata nyuma na makaratasi. Mara ya kwanza alishindwa. Alisema "Karibuni", sauti ikaishia hapo, akabaki anafungua na kufunga mdomo kama changu aliyetolewa majini. Sasa alipewa nafasi ya pili, na ya tatu hakuna. Baba yake alishatamka kwamba akishindwa tena arudi Mafia akalime mwani na shangazi zake. Kilimo cha mwani si kibaya, mimi mwenyewe nimekifanya mpaka magoti yakakataa, lakini yule mtoto maji ya chumvi yakimgusa nusu saa anatoka mapele mwili mzima. Akija kwenye mwani ataisha kwa kujikuna.

Na tatizo lake halikuwa akili. Ni sauti. Tangu mdogo anaongea kwa kunong'ona. Nyumbani alikuwa akiita kuku waje kula, kuku hawaji, mpaka niwaite mimi.

Kila mwanafunzi alitakiwa aje na wageni wake. Rafiki zake wawili walimwahidi, na asubuhi ileile wote wawili wakapata udhuru. Mimi na wifi tulikuwa tunakunywa chai na mihogo ya kuchemsha. Mtoto akatutazama kama nahodha anavyotazama makasia mawili yaliyopasuka akijua mengine hana.

Kabla ya kukubali nilimpigia simu mwalimu wa madrasa wa kwetu Baleni, nikamuuliza kama kuna ubaya. Akasema kutazama si kusali, twende na adabu zetu, na nikirudi nimsimulie, maana na yeye siku zote amekuwa akitamani kujua mle ndani kukoje.

Mtoto akatupa masharti. Tusimwite mjukuu. Tujifanye wageni tusiomjua. Na kila mmoja awe na swali moja la kuuliza mwishoni, kwa sababu kujibu maswali nako kuna alama. Mimi nilipewa niulize kwa nini madirisha yamechongoka juu. Wifi akapewa aulize kanisa lilijengwa na nani. Wifi akasema hilo analijua, kwa nini aulize kitu anachokijua kama mtu mpumbavu. Mtoto akambembeleza sana. Njia nzima mimi nilirudiarudia swali langu midomoni, madirisha, ncha, madirisha, ncha.

Mtahini tulimkuta kwenye ngazi. Mama wa makamo, suti ya kijivu, uso umepigwa pasi pamoja na suti. Akatuamkia shikamooni, tukaitikia marahaba, akauliza tumetoka wapi. Mimi nikawa natafuta jibu ambalo si uongo wala halitamharibia mtoto. Wifi hakutafuta.

"Ujerumani," akasema.

Mtazameni basi huyo Mjerumani. Buibui, miwani nyeusi, kapu la ukili begani na mwavuli umetokeza kapuni. Mtahini akamwangalia kutoka juu mpaka kwenye malapa.

"Ujerumani sehemu gani, bibi?"

"Ya pwani."

Mtahini akaandika. Mimi nikainama kumtazama paka.

Mjukuu wangu akasimama mbele ya mlango. Ni mlango mrefu, umechongoka juu kama viganja viwili vilivyokutanishwa, na siku ile ulikuwa wazi nusu. Ndani kiza, na ubaridi unatoka kama unafunua mtungi. Akasema, kwa ile sauti yake ya mbu, karibuni ndani wageni wangu. Wifi akainua mguu. Nikamvuta buibui.

Sikuwa mkaidi. Mimi nimelelewa kwamba nyumba ya watu haiingiwi bila hodi. Hodi ni tatu. Ukimaliza ya tatu hujajibiwa unageuka, unakwenda zako, na kinyongo hakuna, maana mwenye nyumba ana haki ya kutotaka kukuona. Na anayekaribisha ni mwenyeji. Mgeni hawezi kumkaribisha mgeni mwenzake, na yule mtoto pale alikuwa mgeni kama mimi. Kwao ni Baleni.

Nikapiga hodi. Kimya. Wifi akaninong'oneza kwamba msikitini hatupigi hodi, sasa hapa ni ya nini. Nikamwambia msikitini naingia kwangu, hapa ni kwa watu. Akaurudisha mguu chini. Nikapiga ya pili, njiwa wakaruka kutoka juu ya mlango. Ya tatu nikaivuta kidogo ili isije ikasemwa sikuwapa nafasi. Kimya.

Nikasema basi, wenyewe hawapo, au wapo na hawataki wageni, tutarudi siku nyingine. Nikaanza kushuka ngazi. Wifi akanifuata, kwa sababu hata wifi, ukimtoa ubishi, hodi anaijua.

Mtahini akaandika kitu kirefu.

Mtoto akatushukia mbio, macho yamejaa maji. Masharti yote aliyotupa akayasahau.

"Bibi, mnanirudisha kwenye mwani."

Hilo lilinichoma. Lakini hodi ya nne siwezi kuipiga, ni ufedhuli, marehemu mama yangu angegeuka huko aliko. Nikasimama kwenye ngazi nafikiri. Ndipo nikakumbuka kwamba zilizokwisha ni zangu. Kila mtu ana tatu zake. Nikamwambia wifi apige yeye, akasema yeye ni Mjerumani, hapigi hodi. Basi nikamgeukia mtoto.

"Piga zako. Ni tatu, hazizidi."

Akapanda mpaka mlangoni akapiga ya kwanza. Paka hakugeuza hata sikio. Akapiga ya pili, paka akageuza sikio moja. Mtoto akanitazama. Nikamwambia umebakiwa na moja, na baada ya hiyo ni mwani.

Akafumba macho. Akashika jiwe la mlango kwa mkono mmoja. Akavuta pumzi mpaka mabega yakapanda.

Jamani, mimi nimesikia wanawake wa Utende wakiita mashua ije iwavushe hadi Chole, upepo umewakalia usoni, na wakasikika. Lakini sijasikia hodi kama ile. Iliingia mle ndani, ikagonga nguzo hii, ikagonga ile, ikapanda juu, ikarudi, ikakutana na nyingine inayokwenda. Ikawa kama watu arobaini wanabisha hodi kwa zamu. Paka akaondoka kabisa. Halafu kutoka mbali kabisa, nyuma ya altare, ikaja sauti ya mzee.

"Karibuni, karibuni. Sikujua kama mko wengi hivyo."

Tukaingia.

Aliyetukaribisha alikuwa mzee mwembamba mwenye kitambaa cha kufutia begani, yeye ndiye anayesafisha vishikio vya mishumaa na kufagia. Alituangalia watu wanne, akachungulia nje kutafuta waliobaki.

Na sauti ya mtoto ilipokwisha kutoka haikutaka tena kurudi ndani. Aliongea. Alituonyesha nguzo, akatuonyesha mabenchi, akatuambia jengo hili lilijengwa na wamisionari wa Kijerumani kwa mtindo unaoitwa wa Kigothi. Hapo wifi akaitika kwa kichwa kama anasikia habari za shangazi yake. Akatueleza matao yale yaliyochongoka, kwamba ni pande mbili za mawe zinazoegemeana, kila upande unataka kuanguka, na kwa kuwa zote mbili zinataka kuangukiana, hakuna inayoanguka. Nikamtazama wifi. Wifi akanitazama.

Mtahini alikuwa anatembea nyuma yetu, kalamu yake imepoa. Nikaanza kumshukuru Mungu. Nimekwishajifunza kwamba wifi akiwepo mtu asishukuru mapema.

Wifi alikuwa amesimama katikati, ameinua uso juu. Nami nawaeleza kilichokuwa kichwani mwake, maana nimemjua miaka mingi. Mawe. Wajerumani. Kiza, tena kiza cha miwani juu ya kiza cha jengo. Juu kabisa kitu cheusi cheusi. Kwa mtu wa Chole hayo yote yakikutana jibu ni moja, na mtu aliyewahi kusimama chini ya popo bila kujifunika hufua nguo zake mara mbili. Akaingiza mkono kapuni, akatoa mwavuli, akaufungua.

Ukafunguka kwa mlio wa kupasua, na lile kanisa likaurudisha mlio mara tano. Mtahini akaruka na viatu vyake vya visigino. Mzee wa mishumaa akadondosha kishikio. Mimi nikajisogeza pembeni ili ionekane sijui mwanamke huyu ametoka wapi, zaidi ya Ujerumani.

Nikadhani mtoto atarudi kwenye mdomo wa changu. Hakurudi. Aligeuka, akasema kwa sauti ya kutosha kwaya nzima, "Mgeni wetu ametoka mahali ambako majengo kama haya yana popo. Hapa hawapo. Paa ni zima."

"Kila paa lina tundu," akasema wifi, chini ya mwavuli.

"Vua miwani utazame mwenyewe, bibi. Humu hakuna jua."

Wifi akafikiri. Akanipa mwavuli niushike, tena juu ya kichwa chake, si changu. Akavua miwani.

Madirisha ya mle yana vioo vya rangi, bluu, nyekundu, kijani, manjano ya binzari, na saa ile jua la nje lilikuwa limeyapiga. Rangi zilikuwa zimemwagika sakafuni na juu ya mabenchi. Wifi kwa muda mrefu alikuwa anaitazama dunia kama mtu aliyezama kwenye tui. Akasimama. Akageuza kichwa polepole, dirisha moja, dirisha la pili, dirisha la tatu. Midomo inamcheza. Mtahini akateremsha makaratasi yake. Hata mimi nikawa nangoja aseme neno la shukrani kwa Mola wake.

Akanigeukia mimi, mwanga mwekundu umenimulika usoni.

"Wifi," akasema, "kumbe umezeeka hivi."

Nikafunga mwavuli.

Ukafika wakati wa maswali. Wifi akapewa nafasi ya kwanza, kwa kuwa ametoka mbali. Swali alilofundishwa akalitupa. Akauliza kwa nini hili lina paa na letu la Chole halina. Uraia wake ukaishia hapo. Mtoto akavuta pumzi, akajibu kwamba mawe hayajui kujitunza, kule watu waliondoka na mizizi ikaingia, hapa hajawahi kukosekana mtu wa kuziba na kufagia. Akamwonyesha yule mzee.

Zamu yangu ilipofika, madirisha na ncha vyote vilikuwa vimenitoka kichwani. Nilichokuwa nacho ni kile nilichokiona tangu nilipoingia. Nikauliza buibui wa kule juu anaondolewaje, maana sijaona utando hata mmoja, na mimi nyumba yangu ya chini nashindwa.

Mtoto akasema hilo halijui, lakini mwenyewe yupo, tumuulize. Akamwita mzee, na alivyomwita ilikuwa si lazima mzee awe karibu. Mzee akafurahi kupita kiasi. Inaonekana hajawahi kuulizwa. Akaleta mianzi mitatu iliyounganishwa kwa kamba, kichwani imefungwa ufagio wa chelewa, chelewa za mnazi hizihizi zetu. Wifi akaukagua ule mfungo kwa jicho lake jipya, akasema aliyefunga fundo hili si mtu wa pwani, akakaa kwenye benchi akalifungua na kulifunga upya. Mzee akatusimulia habari za buibui, za njiwa na za paka. Hapo ndipo nilipolipata jina.

Tulipotoka nje mtahini akaniuliza, huyu binti ni nani wako. Mtoto akakakamaa. Nikasema kweli, ni mjukuu wangu, na wa huyu Mjerumani pia.

"Najua," akasema mtahini. "Amewaita bibi na kuwalilia habari za mwani hapa ngazini mbele yangu. Kuleta ndugu si kosa. Kosa ni kutosikika."

Kama uso wake ulikunjuka mahali popote, mimi sikuona. Akasema majibu yatatoka baada ya wiki mbili, akamwambia wifi awasalimie wa pwani ya Ujerumani, akaondoka.

Sisi tukarudi Mafia. Mtoto alikataa kutupa majibu kwa simu. Alisema atakuja mwenyewe, ama kupumzika siku chache, ama na nguo zake zote kuanza mwani. Nikamwambia wifi tusimuulize kitu. Tutajua kwa hodi. Kama ni ya mbu, ni mwani.

Wifi akahamia Baleni kwa sababu hiyo, na ndani ya siku tano aliniambia mambo kumi na moja kuhusu uso wangu ambayo zamani alikuwa hayaoni. Siku yenyewe nilikuwa nimekaa kwenye mbuzi nakuna nazi, yeye ananikosoa jinsi ninavyoshika kifuu. Mlangoni ikapigwa hodi.

Kuku wakatawanyika. Jirani wa nyumba ya tatu akaitikia karibu, akidhani amefikiwa yeye.

Wifi akafungua mdomo. Nikamziba kwa mkono wenye nazi. Ikapigwa ya pili, kubwa kuliko ya kwanza. Wifi akaubandua mkono wangu, akasema mtoto atageuka aende zake, na desturi ni yangu mwenyewe. Nikamwambia bado ya tatu, na mimi nataka kuisikia.

Ikaja. Tukaitikia karibu sote wawili kwa pamoja, na wifi, kama kawaida yake, akanizidi sauti.